Kiapo Sebuleni kwa Mama Tweedie

Mimi sipangishi watu waaminifu. Waaminifu hawana haja ya kuja Abasia. Wanaokuja kwangu wanakuja mbio, kofia mkononi, na mmoja alifika na kiatu kimoja tu, tarishi wa mahakama akihema nyuma yake. Wakishauvuka mtaro wa mawe pale mwisho wa barabara ya Canongate, basi, yamekwisha. Tarishi anasimama upande wake wa mtaro, anatukana kidogo, anapanda kurudi mjini Edinburgh. Wafalme wa zamani walitoa sheria kwamba katika ardhi ya Abasia, makao ya kale ya watawa, na bustani yote ya Mfalme, pamoja na mlima uliomo, mtu hakamatwi kwa deni. Ukiwa ndani uko salama. Ukitoa mguu nje siku ya kazi, unalala gerezani. Jumapili tu ndiyo huru, maana siku hiyo hakamatwi mdaiwa popote Uskoti. Utawaona wapangaji wangu wanatoka asubuhi wamepigwa pasi kama maharusi, wanakwenda kanisani na kwa ndugu zao, na kabla siku haijageuka wamesharudi.

Mamwinyi wa Abasia, ndivyo mji unavyowaita. Ni kejeli, na wao wenyewe wanaijua, ila baadhi yao wakishakaa sana huanza kuitikia kana kwamba ni cheo.

Tangu marehemu mume wangu, Tweedie, aniachie nyumba hii nimewaweka wa kila namna. Kanali, mfuga farasi wa mbio, daktari wa meno aliyemng'oa kila mpangaji mwenzake jino ili alipe chakula. Sikulalamika. Ila aliyenisumbua kichwa kuliko wote alikuwa mwandishi, na nitakwambia kwa nini.

Bwana Ninian Carstairs alikaa ghorofani kwangu miaka sita. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kifua kibovu na macho yaliyochoshwa na mishumaa, na alikuwa akiandika hadithi kwa ajili ya magazeti. Karatasi zake zilitandazwa sakafuni na mtu haruhusiwi kufagia. Wino kwenye shuka, wino kwenye kitasa cha mlango, mara moja nilikuta wino kwenye siagi. Hakuwa mlevi. Hakucheza kamari. Ugonjwa wake ulikuwa kusaini. Mtu yeyote akija kumlilia kwamba anataka mdhamini, Bwana Carstairs anachovya kalamu. Rafiki yake mmoja alianzisha gazeti, yeye akalidhamini, gazeti likafa kabla halijapata wasomaji, rafiki akahamia Ufaransa, na madeni yakamhamia yeye.

Ugonjwa wa pili ulikuwa kushitaki. Alimshitaki mwenye nyumba wake wa zamani, akamshitaki mtengeneza karatasi, na kabla hajanikimbilia alimshitaki Gideon Sclater, muuza vitabu wa High Street, kwa kuchapisha hadithi zake bila idhini. Kesi hiyo alishinda. Mawakili wakaula ushindi wote, wakabaki wanamdai yeye. Lakini Sclater alikuwa ameaibishwa mbele ya mji mzima, na Sclater si mtu wa kusahau.

Ukimuuliza Bwana Carstairs juu ya mdai wake yeyote, jibu lilikuwa moja.

"Nimemlipa huyo."

Ulikuwa wimbo wake. Mara chache ulikuwa kweli. Mara nyingi alikuwa amekusudia kulipa, na kwake yeye kukusudia na kulipa vilikaa droo moja. Kwa hiyo hakuna aliyemwamini, hata mwanawe wa kumzaa. Mimi nilimwuliza kodi yangu akanijibu hivyo hivyo, usoni, nikiwa nimeshika ufagio. Nilimcheka, halafu nikaufunga mlango wake kwa nguvu.

Lakini habari ya Sclater naijua. Zamani wakiwa bado marafiki, kabla ya kesi, Sclater alimkopesha pauni arobaini, mkono kwa mkono, bila hata kipande cha karatasi. Majira fulani ya baridi Bwana Carstairs alimwandikia mchungaji fulani mahubiri ya mwaka mzima, maana mchungaji huyo alikuwa na sauti nzuri na hana la kusema. Jina lake silitaji, bado anayahubiri. Alilipa vizuri, na wiki hiyo hiyo Sclater akateremka Abasia. Ghorofani hapakuwa na moto, wakakaa jikoni kwangu, mimi nikiwa nachoma manyoya ya kichwa cha kondoo kwa ajili ya supu. Bwana Carstairs akaziweka noti mezani, zote arobaini. Sclater akazihesabu, akazihesabu tena, akaziingiza ndani ya kofia.

"Andika risiti, Bwana Sclater," nilimwambia.

"Ah, Mama Tweedie, sisi tumetoka mbali."

"Basi andika kwa ajili ya huko mlikotoka."

Bwana Carstairs alicheka. "Mwache, mama. Leo nimelala usingizi mchana kwa mara ya kwanza tangu kesi ile. Usiniharibie."

Nikarudi kwenye kichwa cha kondoo. Na mimi ninamdai kodi, fikiria, nikiziangalia noti zile zinatoka mlangoni kwangu juu ya kichwa cha mtu mwingine. Ilinichoma, sitakuficha.

Sasa nikuambie juu ya Lilias. Ndiye mtoto pekee wa Bwana Carstairs, mama yake alifariki zamani. Alikuwa na umri ambao wenzake wana watoto wa kwenda shule, na yeye bado anafundisha wasichana wa wenyewe kushona huko Leith, bandarini. Kila Jumapili alikuja mtaroni kumchukua baba yake, wakaenda kanisani, akampikia samaki wa moshi chumbani kwake, akamrudisha. Hakukosa hata wakati wa theluji. Alikuwa na mchumba, seremala mmoja anaitwa Adam Purves, mtu mkimya mwenye masikio makubwa, ambaye alikwenda Kanada kujenga nyumba na kumngoja. Nyumba ilishasimama. Anangoja tu.

Mwaka huo shangazi wa Lilias alimwachia urithi mdogo. Mimi nilimwambia, nunua tiketi ya meli, nunua mablanketi, nenda zako. Hakunisikia. Alivaa kofia yake nyeusi akawazungukia wadai wa baba yake mmoja mmoja, mlango kwa mlango, akawabembeleza wachukue robo na kusamehe iliyobaki. Na wakakubali. Sijui aliwaambia nini, nadhani walichoka. Kufika majira ya kuchipua wote walikuwa wamesaini, isipokuwa mmoja.

Sclater alikuwa amenusa kwamba msichana ana pesa. Akasema anamdai Carstairs pauni arobaini, pamoja na riba, na hapunguzi hata senti.

"Nimemlipa huyo," alisema Bwana Carstairs.

Lilias alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyesema paka ndiye aliyekula sukari. "Kweli, baba?"

"Kweli."

"Basi utaapa hivyo."

Maana kwetu sheria iko hivi. Mkopo mkubwa usio na maandishi huwezi kuuthibitisha kwa shahidi. Ulete mashahidi kanisa zima, hawasikilizwi. Ni karatasi, au kiapo cha mkopaji mwenyewe. Anayedai akikosa karatasi, anaweza kuiomba mahakama imwapishe anayedaiwa, na atakachosema huyo chini ya kiapo ndicho hukumu. Akisema nimelipa, kesi imekufa. Akisema nadaiwa, anadaiwa. Hakuna rufaa. Watu wa nje hushangaa kwamba tunamwachia mdaiwa ajihukumu mwenyewe, lakini hawajui sisi tunavyokiogopa kiapo. Mtu wa kwetu atakuibia farasi, ila mwambie anyooshe mkono wa kuume na amtaje Mungu, utaona anavyotetemeka.

Sclater alijua hayo. Alichotaka ni kumtisha Lilias. Tarehe ilipopangwa alituma mtu kila wiki: nipe ishirini niache kesi; nipe kumi na tano. Lilias alimrudisha kila mara na salamu za heshima. Mimi kwa upande wangu sikumweleza Lilias habari za jikoni. Niliona hakuna haja. Mtu kalipa, ataulizwa, atasema kalipa, atatoka. Kwa mara ya kwanza wimbo wake ungekuwa wa kweli na ungemfaa.

Siku moja kabla ya kiapo Lilias alikuja na mkate, akakaa jikoni bila kuvua kofia. Nikajua ana jambo.

"Mama Tweedie, meli ya Kanada inaondoka Jumanne. Nimelipia nafasi kwa akiba yangu ya kushona."

"Vizuri. Na baba yako je? Kesho anakuwa huru."

"Ndiyo maana." Alianza kuchuna ganda la mkate. "Akitoka, mimi nabaki. Nafasi nitaiuza."

"Unabaki kufanya nini?"

"Kumchunga. Wewe unamjua. Akivuka ule mtaro akiwa huru, wiki ya kwanza atasaini karatasi ya mtu. Ya pili atakuwa ameshitaki mtu. Na baharini siwezi kwenda naye, kifua chake hakifiki hata katikati."

"Na Adam?"

"Adam amesema meli ya mwisho ya kiangazi ikifika bila mimi, ataelewa. Hakusema kwa ubaya. Amesema tu ataelewa."

"Na kama baba yako asingetoka?"

"Asingetoka, yuko kwako. Hapa hana wa kumsainisha, wote wana madeni." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Hapo ningekwenda, Mama Tweedie. Mungu anisamehe, ningekwenda bila kugeuka nyuma. Nimemngoja Adam nikamngoja na baba, nimechoka kungoja. Lakini siwezi kumtoa halafu nimwache barabarani."

Nikampa chai. Na wakati namimina niliisikia ngazi. Ngazi yangu ina kipandio kimoja kinacholia ukikikanyaga, na kililia, halafu kikanyamaza muda mrefu, halafu kikalia tena mtu akipanda juu. Lilias hakusikia. Alikuwa akinywa chai na kusema sukari imezidi.

Kesho yake walikuja. Mahakama haiwezi kumtoa mtu wa Abasia siku ya kazi, kwa hiyo ilimtuma wakili kijana, Bwana Ogilvy, achukue kiapo sebuleni kwangu. Nilikuwa nimesugua sakafu. Ogilvy alikaa kwenye kiti cha marehemu Tweedie, akapanga kalamu zake. Sclater alikaa karibu na dirisha, koti jipya, uso wa mtu aliyekuja kuangalia mzigo wake ukitupwa baharini. Alishajua ameshindwa, amekuja tu kwa sababu sheria ilitaka awepo. Lilias alisimama nyuma ya kiti cha baba yake. Mimi nilisimama mlangoni, na sikuwa tayari kuondoka, ni nyumba yangu.

Bwana Carstairs alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati safi na kuchana nywele kwa maji. Aliposhuka alinisalimu, akauliza kama supu ni ya kondoo. Nikamwambia ni ya kondoo.

"Simama, bwana," alisema Ogilvy. "Nyoosha mkono wa kuume. Fuatisha maneno yangu."

Akasema. Anaapa kwa Mungu Mwenyezi, kama atakavyomjibu Mungu siku kuu ya hukumu, kwamba atasema kweli, kweli yote, na kweli tupu. Alisema polepole, kama mtu anayejua thamani ya kila neno, na ile ndiyo kazi yake.

"Je, Bwana Gideon Sclater aliwahi kukukopesha pauni arobaini?"

"Alinikopesha."

"Je, ulimrudishia?"

Lilias aliweka mkono begani mwa baba yake. Bwana Carstairs aliutazama ule mkono. Kisha akamtazama Ogilvy.

"Hapana," alisema. "Sikumrudishia. Namdai— samahani. Ananidai. Ananidai zote."

Kalamu ya Ogilvy ilisimama. Mkono wa Lilias ulitoka begani. Lakini uso niliouangalia mimi ni wa Sclater. Uligeuka mweupe, ukageuka mwekundu, akafungua mdomo kama samaki mezani, maana kuna watu watatu tu duniani waliojua zile noti ziko wapi, na wote watatu tulikuwa sebuleni.

"Si kweli," nilisema. "Bwana wakili, mimi—"

"Mama," Ogilvy alisema kwa upole, "sheria inamwuliza yeye peke yake. Tafadhali."

"Lakini nilikuwepo—"

"Mama Tweedie." Hiyo ilikuwa sauti ya Bwana Carstairs. Hakuipandisha. Aliniangalia tu, na macho yale mabovu, yasiyoweza kunitofautisha na kabati nikiwa mbali, siku hiyo yalinishika sawasawa. "Supu yako," alisema.

Mimi nimezeeka nikibishana na watu wa deni, na sijawahi kunyamazishwa nyumbani kwangu, lakini nilinyamaza.

Ogilvy aliandika, akamsomea, Bwana Carstairs akasaini. Kusaini alijua. Ogilvy alimpa Sclater mkono kumpongeza, na Sclater akaushika kama ameshikishwa chura. Mlangoni, wengine wakiwa hawasikii, alininong'oneza.

"Mama Tweedie, yule mtu ana wazimu?"

"Ana deni, bwana. Si umesikia."

"Mimi siwezi... Nitafanya nini na hukumu hii?"

"Itie kwenye fremu," nilimwambia, nikamfungulia mlango. Alisahau glavu moja. Ninayo mpaka leo, naitumia kushikia sufuria.

Sebuleni Lilias alikuwa bado amesimama pale pale.

"Uliniambia umemlipa," alisema.

"Nilikwambia."

"Ulinitazama machoni ukaniambia kweli. Nimezunguka mji mzima kwa miguu, baba. Nimewapigia magoti watu ambao mama yangu asingewakaribisha ndani. Urithi wote. Nimeutoa wote, kwa sababu uliniambia amebaki huyu mmoja na huyu umemlipa."

"Mambo ya fedha yananichanganya, mwanangu. Unajua."

"Hayakuchanganyi. Unadanganya tu. Umedanganya kila mtu, nikadhani mimi unaniacha." Hakulia. Heri angelia. "Ungenidanganya mpaka mwisho, basi. Kwa nini leo ndiyo siku ya kuwa mkweli?"

"Nilikuwa nimenyoosha mkono," alisema Bwana Carstairs.

Lilias alikuja jikoni kuchukua kikapu chake. Akaufunga mlango nyuma yake, akaniuliza bila kuzunguka.

"Mama Tweedie, ulitaka kusema nini pale? Ulisema ulikuwepo. Ulikuwepo wapi?"

Nilikuwa nimeshika mwiko. Kupitia ufa wa mlango nilimwona baba yake amekaa kwenye kiti, mgongo kwetu, shingo imekakamaa kama mtu anayesubiri kunyolewa. Ningesema neno moja tu, yule msichana angevua kofia, angeiuza nafasi yake, angebaki. Angemchunga mpaka amzike, angezeeka Leith na sindano mkononi, na Adam Purves angeelewa.

"Nilikuwepo jikoni," nilisema. "Nilitaka kusema supu inaungua."

Alinitazama kidogo. Kisha akachukua kikapu.

Mchana ule Bwana Carstairs alishuka kula. Nilimwekea bakuli, nikangoja afike nusu.

"Kipandio kile nitakipigilia msumari," nilisema.

"Usikipigilie. Nimekizoea."

"Umeapa uongo, Bwana Carstairs. Kwa jina la Mungu. Umejisikia ukisema siku kuu ya hukumu?"

"Nilijisikia."

"Na utajibu nini siku hiyo?"

Alipuliza kijiko. "Sijui, mama. Maisha yangu yote nimelipwa kwa kutunga. Hii ndiyo ya kwanza niliyotoa bure." Halafu akala haraka, supu ikamwagika mezani. Nilipangusa. Nilikuwa nimemkasirikia na sikujua nimkasirikie wapi, kwa hiyo nikamwambia kodi yangu imefika miezi saba na deni la ndani ya Abasia halilindwi na mfalme yeyote. Alisema ni haki yangu.

Jumapili Lilias alikuja. Nilikuwa nadhani hatakuja. Walikwenda kanisani kama kawaida, na alasiri nikitoka kwa dada yangu niliwakuta mtaroni. Alikuwa amemrudisha mapema. Alimfunga kitufe cha juu cha koti, kama alivyomfunga siku zote, kisha akampa mkono, kama unavyompa mkono mchungaji baada ya ibada. Bwana Carstairs akaushika, akainamisha kichwa. Lilias akageuka akapanda Canongate, na kweli hakugeuka nyuma. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, baba yake angeweza kumfuata mpaka Leith, mpaka chumbani, akamwambia yote. Alisimama upande wetu wa mtaro mpaka nikamshika kiwiko.

Jumanne asubuhi nilimkuta mlangoni na kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Mlimani. Mlima uko ndani ya mpaka."

"Kwa kifua hicho?"

"Kutoka juu inaonekana bahari yote, mama. Meli zikitoka Leith zinapita pale pale."

Nilivaa shali. Tulipanda taratibu, akipumzika kila kwenye jiwe, mimi nikimsema njia nzima, na upepo ukitupiga. Tulipofika juu alikuwa amekwisha pumzi, akakaa chini kwenye nyasi za kondoo. Bahari ilikuwa pana na ya kijivu, na meli zilikuwepo nyingi, kubwa na ndogo, nyingine zinaingia na nyingine zinatoka.

"Macho yangu yanaona maji tu," alisema. "Iko ipi?"

Mimi nitajuaje? Mimi ni mpangishaji. Sijawahi kupanda meli na siwezi kutofautisha ya Kanada na ya kubeba viazi. Nilitazama huku na huku. Alikuwa ameshavua kofia, ameishika kifuani, ananisubiri.

"Ile pale," nilisema. "Ya milingoti miwili. Inatoka sasa hivi."

"Unaona watu?"

"Naona. Wako ukingoni."

"Yeye unamwona?"

"Kofia nyeusi," nilisema. "Amesimama nyuma kabisa, anatazama huku."

Basi alisimama akapunga kofia. Alipunga kwa mkono wa kuume, ule ule, akapunga mpaka nikamshika koti kwa nyuma asije akaanguka. Alilia kwa sauti, mtu mzima yule, na sikumwambia anyamaze. Ile meli ilipotoweka tukashuka.

Jioni muuza samaki wa Leith alinieleza kwamba meli ya Kanada ilikwishaondoka alfajiri, na abiria wote wakiwa chini kwa sababu ya mvua. Ile ya milingoti miwili aliijua, ilikuwa ikirudi Newcastle kuchukua makaa. Nilinunua samaki wawili nikampikia Bwana Carstairs, na sikuwaandika kwenye hesabu yake. Mimi ni mtu wa kanisa, na sijawahi kuapa uongo. Siku ile mlimani hakuna aliyeniapisha.